NANI ALIMLETA SANGARA? Historia ya ziwa letu na sahani ya mwanao

SEHEMU YA 1: "Samaki ni wa kuuza, nesi"

Mmezoea hapa tunaongea chanjo, homa na kunyonyesha. Wiki hii nawabadilishia, tunasoma historia. Najua kuna atakayesema nesi na historia wapi na wapi. Twende tu taratibu, utaona inavyoishia jikoni kwako.

Juzijuzi nilikuwa zamu ya kupima watoto. Akaja mama mmoja, binti mdogo tu kwa kweli, na mtoto wa mwaka na miezi miwili. Nikampima uzito, nikaweka nukta kwenye kadi. Mstari ulikuwa unapanda vizuri mpaka miezi saba, kisha ukalala, na sasa ulikuwa umeanza kushuka. Mtoto hana homa, haharishi, ila hana ile furaha ya mtoto aliyeshiba. Nikauliza maswali yetu ya kila siku.

"Anakula nini, mdogo wangu?"

"Uji. Na ugali kidogo na mchuzi."

"Uji wa nini?"

"Wa mahindi, naweka sukari."

"Mnakaa wapi?"

Akataja mwalo mmoja ninaoufahamu. Mume wake anavua. Kutoka mlangoni kwao hadi majini ni hatua chache.

"Sasa samaki mnakosaje?"

Akanitazama kama vile nimeuliza swali la kitoto. "Samaki ni wa kuuza, nesi."

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi? Alisema ukweli. Na jibu lake lilinikumbusha bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Ukerewe na kuzeekea hukohuko. Bibi alikuwa na msemo wake: "Samaki walipokuwa wadogo, ziwa lilikuwa letu. Walipokuja wakubwa, likawa la wenye mizani." Nikiwa mtoto nilidhani ni maneno ya uzee tu. Nimekuja kusoma baadaye, nikagundua bibi alikuwa anasimulia historia kamili, na ina tarehe zake na watu wake.

Kwa hiyo swali letu wiki hii ni moja: imekuwaje mtoto akae pembeni ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na asile samaki? Kesho tunaanza na ziwa lenyewe lilivyokuwa.

SEHEMU YA 2: Ziwa la bibi

Haya, tuendelee.

Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,800. Ni letu Watanzania, ni la Waganda, ni la Wakenya. Kwa ukubwa huo ungedhani lina kina cha kutisha, kumbe kwa wastani ni kama mita 40 tu. Yaani ni kama sahani pana isiyo na kina. Hilo likumbuke, kwa sababu maji ya namna hiyo huchafuka haraka na samaki hawana pa kujificha.

Kwenye sahani hiyo waliishi samaki wadogo tunaowaita furu. Wajaluo wanawaita fulu, Waganda wanawaita nkejje. Ukiwaona sokoni utasema ni samaki mmoja, kumbe wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 500, na nyingi hazipatikani pengine popote duniani. Kulikuwa na furu wa kukwangua mwani kwenye mawe, wa kula wadudu, wa kuvunja konokono, wa kuchuja tope la chini. Kila mmoja na kazi yake, kama wanawake kwenye shughuli: huyu anamenya, huyu anakoroga, huyu anaosha vyombo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 watafiti walikokota nyavu ziwani ili kupima samaki. Wakakuta katika kila kilo 10 za samaki wa chini ya maji, kama kilo 8 ni furu.

Sasa mama mwenzangu, sikia hii. Furu jike hatagi mayai akayaacha. Anayabeba mdomoni. Yanaangulika humohumo mdomoni, na vitoto vikianza kuogelea anaendelea kuvilinda. Hatari ikija vinarudi mbio ndani ya mdomo wa mama. Muda wote huo mama hali vizuri, anakonda. Na hana watoto wengi kwa mpigo, ni makumi tu. Niliposoma habari hii nilicheka peke yangu, nikasema huyu ni mwenzetu kabisa.

Mkubwa wao pale ziwani alikuwa ngege. Huyu ndiye aliyekuwa samaki wa heshima, wa mgeni, wa mkwe. Walikuwepo pia kambare, kamongo, ningu na gogogo, na walikuwepo dagaa.

Bibi alisimulia kwamba akina mama walitoka asubuhi na vikapu. Furu walinunuliwa kwa bei ya kutupwa, au walipatikana bure ukimsaidia mvuvi kutoa samaki kwenye wavu. Ukirudi nyumbani unawapasua, unawaanika juani juu ya mwamba, jioni wamekauka. Huhitaji kuni, jua linatosha. Wakavu wanakaa hata miezi, unabeba unakwenda kubadilisha na mtama au mihogo kwa watu wa mbali na ziwa. Watoto walikula furu mpaka wakalalamika. Bibi alisema, "Sisi tulikuwa maskini wa nguo, samaki hatukukosa."

Ninachotaka ushike hapa ni kwamba samaki yule mdogo alikuwa mikononi mwa mama kuanzia majini hadi kwenye chungu. Hakuna mtu wa katikati.

Kesho tunakuja kwenye swali la kichwa cha habari: nani alimleta mgeni?

SEHEMU YA 3: Mgeni alikuja kwenye ndoo

Wengi mmeniandikia mkisema, "Nesi, mimi nilijua sangara ni wa ziwa letu tangu enzi za mababu." Hata mimi nilidhani hivyo. Hapana. Ziwa lenyewe lina maelfu ya miaka, ila sangara ndani yake hajafikisha hata umri wa baadhi ya bibi zetu.

Tuanze na nyavu. Mwaka 1905, enzi za ukoloni, zililetwa nyavu za kisasa za kutega upande wa Kisumu, zikaenea ziwa zima. Reli ilikuwa imeshafika Kisumu, kwa hiyo samaki wakapata soko la mbali. Ngege wakavuliwa kweli kweli, na kila mwaka wavu uleule ukawa unatoa samaki wachache zaidi. Serikali ya kikoloni ikaingiwa na wasiwasi. Ndipo mwaka 1927 na 1928 akatumwa mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Michael Graham, akazunguka ziwa lote kulikagua. Ripoti yake ilitoka mwaka 1929. Alishauri macho ya nyavu yawe makubwa ili ngege wadogo wapite. Na akaonya waziwazi kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka sehemu nyingine ni hatari kubwa, labda kwanza ufanyike utafiti wa kutosha.

Hilo onyo lilitolewa miaka 25 kabla ya jambo lenyewe. Tunaofanya kazi hospitali tunajua uchungu wa faili lenye onyo ambalo hakuna aliyelifungua.

Miaka ikapita, ngege wakazidi kupungua. Miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi upande wa Uganda wakawa na mawazo mawili. La kwanza, walete jamii nyingine za perege wazibe pengo la ngege. Na hapa kaa vizuri kwenye kiti: huyo sato unayempenda, unayemuagiza na ugali ukifika Mwanza, ni mmoja wa walioletwa miaka hiyo. Sato naye ni mgeni! Alikuta ngege kachoka, akakaa kwenye nafasi yake. Leo ngege wa asili humpati kirahisi kwenye ziwa kubwa. Amebaki zaidi kwenye viziwa vidogo vya pembeni.

Wazo la pili lilikuwa zito zaidi. Maofisa wale waliwaangalia furu wakaona ni takataka. Wadogo, wana miiba, Mzungu hali, na hawafai kwa mchezo wa ndoano. Wakasema, tumlete samaki mkubwa awale hawa wadogo, awageuze kuwa nyama nene ya kuuzika. Samaki huyo ni sangara. Wakenya wanamwita mbuta na Waganda mputa. Anaweza kufika urefu wa mita mbili na kilo 200. Kwao alikuwa Ziwa Albert na mto Nile kwa chini. Kwetu hakuweza kupanda mwenyewe kwa sababu ya maporomoko ya Murchison. Maumbile yenyewe yalikuwa yameweka ukuta.

Sio kwamba wote walikubali. Watafiti wa kituo cha samaki pale Jinja walipinga. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 akieleza hesabu rahisi ambayo kila mama anaielewa: ukimlisha samaki mkubwa kwa samaki wadogo, sehemu kubwa ya chakula inapotea njiani. Zinaliwa kilo nyingi za wadogo ili ipatikane kilo moja ya mkubwa. Sasa kama shida ni chakula cha watu, kwa nini usiwaachie watu hao wadogo?

Ila mabishano yalikuwa ya kwenye karatasi tu, kwa sababu samaki alikuwa ameshamwagwa. Kumbukumbu zilizokuja kuchunguzwa baadaye zinaonyesha kwamba mwaka 1954 watumishi wa idara ya wanyamapori na uvuvi ya Uganda walichukua sangara Ziwa Albert, wakawaleta hadi Jinja na kuwaachia kimyakimya. Mwaka 1960 wavuvi wakaanza kuwanasa, na kila mtu akashangaa wametoka wapi. Mwaka 1962 na 1963 wakamwagwa tena, safari hii rasmi, upande wa Uganda na wa Kenya.

Bibi yangu hakuulizwa. Hakuna mama hata mmoja wa Ukerewe, Kisumu wala Entebbe aliyeulizwa kama wale wadogo kweli ni takataka. Kwake furu alikuwa mboga ya leo na akiba ya kesho.

SEHEMU YA 4: Ukimya, halafu kishindo

Jana niliishia sangara wakimwagwa. Ungedhani mwaka uliofuata ziwa likageuka. Wala. Miaka ikapita karibu 20 bila kishindo. Sangara alionekana mmojammoja, watu wakamzoea, wengine wakasema mbona hana neno.

Sisi manesi tunajua magonjwa ya namna hii. Mtu anapata maambukizi leo, anakaa miaka na afya yake, halafu siku moja mwili unaanguka. Ukimya hauna maana kwamba hakuna kinachoendelea.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mlipuko ukaanza kwenye ghuba upande wa Kenya, ukafuata Uganda, na kwetu ghuba ya Mwanza ikapinduka katikati ya miaka ya 1980. Kumbuka nilivyokwambia kuhusu mama furu na vitoto vyake mdomoni. Sangara jike hana habari hiyo. Anamwaga mayai kwa mamilioni na kuondoka zake. Ukiweka kwenye mizani mama mwenye watoto 40 anaowalea na mama mwenye mayai mamilioni asiyelea, halafu wa pili awe anamla wa kwanza, matokeo yanajulikana.

Na furu hawakuwahi kuishi na samaki kama huyo. Walikuwa na maadui wengine, kambare na ndege, ila jitu la kilo mia linalomeza kila kitu kwenye maji ya wazi hawakulijua. Kikundi cha watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden, akiwemo Frans Witte, kilikuwa Mwanza tangu mwaka 1977 kikiwahesabu furu hao. Waliviona vyandarua vyao vikirudi mwaka hadi mwaka na aina pungufu. Ndani ya miaka michache kule walikokuwa wanajaza furu, walipata karibu sifuri. Inakadiriwa aina kama 200 zilitoweka. Nyingine zilikuwa hazijapewa hata jina.

Tuwe wakweli lakini. Sangara hakufanya yote peke yake. Furu walikuwa wameshaanza kuvuliwa kwa meli za kukokota nyavu, na Mwanza kulikuwa na kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Misitu ilikatwa, udongo na mbolea vikatiririka ziwani, na maji machafu ya miji yakamwagwa humohumo. Mwani ukastawi, maji yakawa ya kijani, na kule chini hewa ikapungua. Kuna jambo liliniuma sana nilipolisoma. Furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi zake. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka, jike haoni rangi vizuri, anachanganya madume, na aina zinayeyuka kuwa moja. Yaani hata wasioliwa walipotea kwa giza.

Turudi kwa bibi. Alisema sangara wa kwanza alipoletwa kijijini kwao, watu walikusanyika kumtazama. Mkubwa kuliko mtoto. Mafuta yanachuruzika. Hakuna aliyejua kumpika, na waliomla wakiwa hawajamzoea walisema anakinaisha. Halafu ukaja ugumu wa kumkausha. Furu ulimwanika juani ukamaliza. Sangara ana mafuta, juani anaoza kabla hajakauka, kwa hiyo sharti umkate vipande umkaange, au umbanike kwa moshi. Vyote vinataka kuni. Miti ya kandokando ya ziwa ikaanza kuisha, na mwenye kufuata kuni unamjua ni nani. Kazi ile ambayo zamani jua liliifanya bure, sasa ilikuwa mgongoni mwa mama.

Hata hivyo, siwezi kusema sangara hakuleta neema. Wajomba zangu walijenga nyumba za bati kwa sangara. Mimi mwenyewe ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mtumbwi. Samaki wote waliovuliwa ziwa zima walikuwa kama tani 100,000 kwa mwaka miaka ya 1970. Kufikia 1990 walikuwa karibu tani 500,000, na zaidi ya nusu walikuwa sangara. Ukiangalia namba hizo utasema ziwa limebarikiwa. Ila kadi ya kliniki inanifundisha kila siku kwamba chakula kuwepo nyumbani na chakula kufika mdomoni mwa mtoto ni vitu viwili. Kesho tunafuata hao samaki tuone walikwenda wapi.

SEHEMU YA 5: Samaki alipanda ndege

Miaka ya 1980 upande wa Kenya, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwetu Mwanza, vilijengwa viwanda vya minofu. Sangara anafika na barafu, anapimwa, anachunwa, minofu inafungashwa, inapanda ndege au kontena kwenda Ulaya na kwingineko. Ajira zikaja, fedha za kigeni zikaja, mji ukakua. Wavuvi wakawa na mnunuzi wa uhakika kila siku.

Lakini angalia bei. Mara tu samaki anapokuwa na mnunuzi wa Ulaya, mama wa jirani anashindana naye kwenye mzani uleule. Mama ana shilingi elfu mbili tatu za mboga. Unadhani nani atashinda? Hapo ndipo msemo wa bibi kuhusu wenye mizani ulipotoka.

Sisi tukabaki na nini? Mapanki. Kwa wasiojua, hayo ni mifupa na kichwa cha sangara baada ya minofu kutolewa. Wakenya wanaita mgongo wazi. Mapanki yalikaangwa, yakauzwa, na yalilisha watu wengi. Mimi nimekula, na sioni aibu kusema, kichwa cha sangara kikipikwa vizuri ni kitamu. Ila fikiria tu safari hiyo. Ndani ya kizazi kimoja, mtu aliyekuwa anakula samaki mzima akaja kununua mifupa ya samaki aliyeletwa eti amwondolee umaskini.

Na soko la mbali lina hasira zake. Mwaka 1997 nchi za Ulaya zilizuia samaki wetu kwa sababu ya vijidudu vya salmonela. Mwaka 1998 wakazuia tena kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 wakazuia kwa sababu kuna watu walikuwa wanavua kwa sumu. Kila mara viwanda vilisimama, na watu wa mialo walilala na njaa kwa uamuzi uliofanyika kwingine kabisa. Kweli sumu ile ilikuwa kosa letu na ilikuwa hatari kwa watoto wetu pia. Ila nauliza, mbona samaki wa sumu alishtukiwa pale tu alipokuwa anakwenda kwa wengine?

Kuna sehemu ya historia hii naiandika kama nesi na kama mwanamke, wadogo zangu nivumilieni. Samaki alipokuwa wa kugombania, mtumbwi ukawa wa mwanaume, injini ya mwanaume, nyavu za mwanaume, na kiwanda kina wakala wake. Mama aliyekuwa na kikapu chake akabaki anasubiri ufukweni apewe samaki wa kwenda kuuza. Wengine walipewa kwa masharti ya mwili wao. Jambo hili lipo kwenye mialo ya nchi zote tatu, linajulikana, na ni mojawapo ya sababu zilizofanya Ukimwi uwe mkali kwenye visiwa na mialo kuliko sehemu nyingine nyingi. Kwa hiyo nikikutana na mama wa mwaloni kliniki, sianzi kwa kumhukumu. Ninajua kabla hajazaliwa, kuna ndoo ya samaki ilimwagwa Jinja.

Siku hizi hata tumbo la sangara lina soko lake. Mabondo, kile kifuko cha hewa, yanakaushwa na kupelekwa China kwa bei kubwa kuliko nyama yenyewe. Na sangara naye amechoka. Waliokuwa wanafika kilo 100 huwaoni kirahisi. Sheria inakataza kuvua sangara chini ya sentimita 50, lakini nenda sokoni asubuhi na rula uone.

SEHEMU YA 6: Waliobaki

Leo tunamaliza. Na nawaletea habari njema, maana najua jana nimewahuzunisha.

Sangara walipoanza kupungua kwa kuvuliwa sana, kuanzia miaka ya 1990 baadhi ya furu walianza kurudi. Sio wote. Zile aina nyingi zilizopotea ndio zimekwenda. Ila waliorudi walikuwa wamebadilika. Mmoja wao kwenye ghuba ya Mwanza alikutwa na mashavu ya kupumulia makubwa kuliko ya mababu zake, yanayomsaidia kwenye maji yenye hewa kidogo. Mama furu yule anayefunga mdomo kulinda watoto hakukubali kuisha wote.

Na kuna mmoja hakuondoka kabisa: dagaa. Wakenya wanamwita omena, Waganda mukene. Huyu ni mwenyeji halisi wa ziwa, alikuwepo kabla ya sangara na sato. Furu walipotoweka, yeye aliongezeka. Anakua haraka na kuzaa haraka, anavuliwa usiku kwa taa. Leo ukipima kwa uzito, dagaa ndiye anayeongoza ziwani. Na ndiye samaki pekee ambaye bado, kwa sehemu kubwa, anaanikwa, anapakiwa na kuuzwa na akina mama.

Ila mjihadhari, maana historia inataka kujirudia. Sehemu kubwa ya dagaa sasa inakwenda kwenye viwanda vya chakula cha kuku na mifugo. Hesabu ni ileile aliyoandika Fryer mwaka 1960: wadogo wengi wanasagwa ili apatikane mnyama mmoja mkubwa ambaye mtoto wa mwaloni hatamla. Na neno linalotumika ni lilelile, kwamba dagaa ni chakula cha maskini, kitu cha kuku. Bibi zetu waliambiwa hivyohivyo kuhusu furu.

Mimi kama nesi nakwambia, dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake ana protini, ana chokaa ya kujenga mifupa na meno, ana madini ya chuma na zinki, ana vitamini. Mnofu mweupe wa sangara hauna chokaa hiyo, kwa sababu mifupa imebaki kiwandani.

Basi tufanye hivi, mama. Mtoto akitimiza miezi sita na kuanza chakula, endelea kumnyonyesha na anza kumzoesha dagaa. Chagua waliokaushwa kwenye chanja, sio waliomwagwa mchangani. Wachambue, osha mpaka mchanga uishe, wakauke vizuri, wakaange bila mafuta kidogo wawe wakavu, kisha twanga au saga wawe unga laini kabisa, uchekeche. Anza na kijiko kidogo kwenye uji au mchuzi, umwangalie siku mbili tatu kama hana vipele wala kutapika. Akizoea, unaongeza kidogo kidogo. Chumvi usiweke. Unga huo utengeneze kidogo kidogo, utunze kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Hayo ndiyo niliyomwambia yule binti siku ile. Alikuwa anapita pembeni ya chanja za dagaa kila asubuhi akienda kuchota maji. Nikamwambia, "Sangara auzwe, sawa, mna madeni ya nyavu. Ila muombe mumeo, kabla mzani haujafika, kikombe kimoja cha dagaa kiwe cha mtoto." Akacheka, akasema atajaribu. Mwezi uliofuata mstari kwenye kadi ulikuwa umeacha kushuka. Wa pili ukainuka kidogo. Alikuja na mama mkwe wake, akanieleza kwamba mama mkwe ndiye anayetwanga. Yule mama mzee akaniambia, "Nesi, sisi zamani tuliwalea hawa kwa furu." Nikamwambia najua mama, bibi yangu aliniambia.

Waliomwaga sangara hawakuwa na nia mbaya. Walitaka ziwa litoe zaidi, na kweli lilitoa zaidi. Waliacha tu kuuliza nani anakula nini, nyumba kwa nyumba, chungu kwa chungu. Siku nyingine mtu akija kwenu na mradi, awe wa samaki, wa mbegu au wa maziwa ya kopo, akakwambia ulichonacho ni takataka, wewe muulize swali hilo kwanza.

Kama una bibi aliyekulia kandokando ya ziwa, upande wowote, mpigie simu leo umuulize walikula samaki gani na waliwapikaje. Andika majina yao. Wiki ijayo tunarudi kwenye chanjo. Usiku mwema, na watoto walale salama.